Castolo wa Wagosi wa Kaya

Mwaka juzi nilinunua TV ya chogo. Bajaji iliishia getini kwa sababu uchochoro wetu hauingiliki. Dereva akanisaidia kuishusha, akageuza akaondoka, nikabaki nayo mwenyewe: inchi 21, uzito wote uko mbele kwenye kioo, nimeikumbatia kifuani na waya wake nimeuzungusha shingoni. Napanda ngazi hatua kwa hatua. Ghorofa ya pili jirani yetu mmoja, mama anayeuza vitenge, akafungua mlango kuona ni nani anahema vile.

"Baba, wenzako wanazishusha, wewe unapandisha?"

"Ni ya kuchezea gemu, mama."

Hakuuliza tena. Alisogeza ndoo iliyokuwa mlangoni kwake, akashika upande mmoja, tukamalizia ngazi zilizobaki pamoja.

Ndani kwetu TV ipo. Ni flati, kubwa, watoto wanaangalia katuni na mama yao anaangalia tamthilia. Lakini PlayStation 2 yangu haielewani nayo, na sababu ni ya kiufundi kabisa. PS2 inatoa picha kwa ule waya wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, na picha yenyewe inasafiri kama mawimbi ya analogia. TV ya chogo ikiyapokea mawimbi yale haina la kufikiria: inayachora kwenye kioo mstari kwa mstari, papo hapo. Flati lazima kwanza iigeuze picha iwe ya kidijitali, iivute ijae kioo kizima, iisafishe, ndipo ikuonyeshe. Kazi hiyo inakula muda. Ni kipande kidogo sana cha sekunde, na anayeangalia taarifa ya habari hawezi kukiona hata siku moja. Anayesubiri beki anyanyue mguu ndipo abonyeze mraba, kitufe cha kupiga shuti, anakiona kila mara, kwa sababu mpira unatoka mguuni wakati kipa keshajipanga. Miaka mitatu nilidhani vidole vyangu ndivyo vimechoka. Siku niliyocheza kwenye chogo la mteja wangu mmoja, nikafunga bao la kwanza nikijua kabisa nimelifunga mimi, niliamua kulitafuta la kwangu.

Nina miaka 34. Ni fundi umeme wa majumbani. Mchana natoboa kuta na kuvuta waya, na usiku, tukishakula na watoto wakishalala, nacheza gemu. Gemu moja tu. Inaitwa Pro Evolution Soccer 6, kwa kifupi PES 6, gemu ya mpira wa miguu ya kampuni ya Kijapani ya Konami, ilitoka mwaka 2006, na mimi naicheza tangu 2008. Mtu akisikia napenda gemu anategemea nimtajie za mwaka huu. Mimi namsimulia habari za Castolo.

Ila kabla ya Castolo kuna Anko.

Anko alikuwa na banda la gemu Ngamiani, Tanga, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba. Jina lake halisi tulilijua, ila hakuna aliyelitumia. Mwaka 2003 nilikuwa darasa la tano. Banda lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Waswahili, pazia badala ya mlango, mabenchi mawili, TV mbili na PlayStation mbili za kwanza kabisa, zile za kijivu. Moja ilikuwa inacheza kichwa chini miguu juu. Nilidhani ni mbwembwe za Anko. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kuzifungua mwenyewe, ndipo nikaelewa: lenzi ya mashine zile za mwanzo inatembea juu ya reli ya plastiki, plastiki ikilika lenzi inainama, CD haisomeki. Ukiigeuza mashine, lenzi inakaa upande mwingine wa uchakavu, na CD inasomeka tena. Anko hakuwahi kusomea ufundi. Aligundua kwa kuhangaika, kama walivyogundua wenye mabanda wengi wasiojuana.

Gemu yenyewe ilikuwa Winning Eleven, ya Kijapani. Hiyo ndiyo PES kabla haijavalishwa jina la Ulaya. Konami ileile, damu ileile. CD ilikuwa ya kunakiliwa, jina limeandikwa kwa kalamu ya maka. Kwenye TV moja picha ilitoka na rangi, kwenye nyingine ilitoka nyeusi na nyeupe, kwa sababu Japani walikuwa wanatumia mfumo wa picha wa NTSC na TV ile ilijua PAL peke yake, mfumo wetu wa wakati ule. Mechi ya Brazil na Cameroon kwenye TV ile ilikuwa mechi ya watu waliovaa kijivu na watu waliovaa kijivu iliyokolea. Tuliwajua kwa mwendo. Roberto Carlos hahitaji rangi.

Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani na hakuna mtoto aliyekwama. Tulisoma menyu kwa mahali ilipo: chini mara moja, kulia, duara, chini mara mbili, duara. Duara ndiyo "kubali". Wajapani wakati ule walikuwa wanatumia duara kukubali na msalaba kukataa, na CD za Ulaya zilipokuja zikiwa kinyume chake, kwa wiki nzima banda lilijaa kelele za watu waliojitoa wenyewe kwenye mechi. Hata mtangazaji tulimwiga. Yule bwana, Jon Kabira, alikuwa na sauti inayopanda kama maji ya bomba yaliyokatika siku tatu na sasa yanarudi. Watoto wa Ngamiani walikuwa wakipiga chandimu kwenye vumbi wakipaza "shuuto!" bila kujua wanasema nini, na walikuwa wanasema sawasawa.

Sheria ya Anko ilikuwa moja: anayefungwa analipa. Shilingi mia mechi, na aliyefungwa analipia wote wawili, ananyanyuka, anampisha anayefuata. Mwenye mia moja mfukoni aliyejua kucheza aliweza kukaa benchi lile toka saa tisa hadi adhana ya magharibi. Asiyejua alikaa dakika kumi. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa wa dakika kumi. Nilikwenda na mia yangu ya maandazi, nikafungwa, nikasimama nyuma ya benchi nikiangalia wengine hadi giza. Naamini kusimama kule nyuma ndiko kulikonifundisha gemu. Ukiwa na pedi mkononi unauangalia mpira. Ukisimama nyuma unaangalia wale kumi wasio na mpira, unaona beki wa kulia amepanda na hajarudi, unaona nafasi kabla mwenye pedi hajaiona, na huwezi kufanya lolote ila kushika moyo.

Nilihamia Dar es Salaam 2007 kusomea umeme. Mwaka uliofuata nilimsaidia fundi mmoja kuvuta waya kwenye nyumba ya ghorofa moja, akanilipa vizuri, nikaenda Kariakoo nikanunua PS2 iliyotumika, ile nyembamba, imeshawekewa chipu ya kusoma CD za kunakiliwa, na pedi mbili na memori kadi moja ya megabaiti 8. Muuzaji akaniongezea CD tatu za bure. Mbili sikumbuki hata majina yake. Ya tatu ndiyo hii.

PS2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000, na iliendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 2013. Zaidi ya mashine milioni 155 ziliuzwa. Nazitaja namba hizi kwa sababu zinaeleza jambo moja linaloniwezesha kuendelea hadi leo: vipuri vipo. Lenzi zipo, pedi zipo, mikanda ile myembamba ya ndani ipo, na mafundi wanaoijua mashine hii kwa kupapasa gizani wapo kila mji.

Chumbani kwangu Sinza sikuwa na mtu wa kucheza naye. Ndiyo maana nilibonyeza sehemu ambayo kwa Anko hakuna aliyeibonyeza, kwa sababu haina mpinzani wa kumlipisha: Master League. Unachagua klabu. Gemu inakuuliza unataka wachezaji wa kweli wa klabu hiyo au unataka kikosi cha kuanzia. Nilichagua kikosi cha kuanzia kwa kutokuelewa. Wakatokea watu nisiowahi kuwasikia: Ivarov golini, Stremer na Valeny nyuma, Ximelez na Minanda katikati, Castolo mbele. Sikuwahi kuwasikia kwa sababu hawapo duniani. Konami iliwabuni. Ni wazito, hawana nguvu, pasi zao zinafika zimechoka, na unaanza nao daraja la pili ukikutana na timu zenye watu wa kweli.

Gemu hii inampima kila mchezaji kwa namba hadi 99. Adriano wa Inter Milan kwenye PES 6 ana nguvu ya shuti 99, na aliyewahi kucheza naye anajua maana yake: mita thelathini, mguu wa kushoto, kipa anageuka kuangalia nyavu. Kila banda Afrika Mashariki lilikuwa na mtu mmoja wa Inter kwa sababu ya mguu ule, na mabanda mengine yaliweka sheria ya kumkataza. Castolo hana chochote kinachokaribia 99. Ukimpa mpira akakimbia, beki anamfikia. Ukimpa mpira wa juu, anaruka amechelewa. Mechi kumi za mwanzo nilishinda moja. Na kila mwisho wa msimu mishahara inakatwa kwenye pointi zako. Zikiteremka chini ya sifuri, mchezo umekwisha, klabu imekufa. Msimu wa kwanza niliponea chupuchupu. Sikulala vizuri usiku ule, na asubuhi nilikuwa na mtihani wa saketi.

Hapo ndipo nilipowapenda. Mtu ukipewa Adriano, bao ni la Adriano. Castolo akifunga, kuna kazi imefanyika kabla yake: Minanda amepokea mgongo umeelekea goli, amegonga pasi ya kupokezana, amezunguka, Ximelez amevuta beki pembeni, na mpira umefika mahali ambapo hata mtu mzito anaweza kuusukuma ndani. Timu mbovu inakulazimisha uucheze mpira wenyewe.

Kuna kitufe nitakieleza kwa sababu wengi wameicheza gemu hii miaka mingi hawakijui. Pasi ikipigwa, gemu inamvuta mpokeaji kwenye njia ya mpira; wewe hata ukimwelekeza kwingine, yeye anaufuata kama kapigwa sumaku. Ukishikilia R1 na R2 kwa pamoja, unamkata ile sumaku. Sasa ni wako. Unaweza kumwacha asiuguse mpira, aupishe upite mbele yake, huku beki aliyekuwa anamjia kwa nguvu anapitiliza mahali ambapo mpira ungekuwa. Castolo anageuka, mpira umeshapita, beki kaanguka, na mbele kuna kipa tu. Kwa mtu asiye na mbio, hiyo ndiyo mbio yake. Nilikijua kitufe kile msimu wa tatu, kwa bahati, nilipoibana pedi kwa hasira. Nilirudia mara ishirini kwenye uwanja wa mazoezi hadi nikaelewa nimefanya nini.

Sasa kuhusu Coastal Union.

Ni klabu ya mpira ya Tanga, ndiyo wanayoiita Wagosi wa Kaya. Mimi ni mtu wa Tanga na baba yangu ni wa Coastal wa damu. Mwaka 1988 Coastal walichukua ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara, na baba ameusimulia msimu ule mara nyingi hadi nahisi nilikuwepo, wakati nilikuwa sijazaliwa. Utotoni alinipeleka Mkwakwani, ananibeba begani, jezi nyekundu na nyeupe kila upande. PES 6 haina timu hata moja ya Tanzania. Ina sehemu ya kuhariri, na humo kuna klabu ambazo Konami haikuwa na haki ya kutumia majina yake; Chelsea, kwa mfano, inaitwa London FC. Nikaona kama jina la mtu mkubwa linaweza kubadilishwa, basi na sisi tunaweza kuingia.

Likizo ya Desemba 2009 nilitumia siku nne. Nilichagua klabu moja ambayo haikuniuma kuipoteza, nikafuta jina, nikaandika COASTAL UNION. Jezi nikaipaka nyekundu, mikono nyeupe, kaptula nyeupe. Nembo ilikuwa kazi. Unachora kwa vimraba, kimoja kimoja, kwa kusogeza kidole cha pedi. Ukikosea unarudi, ukirudi sana unafuta na ulichopatia. Nilikuwa na kadi ya zamani ya baba ya mashabiki, imekunjwa katikati, nimeiegemeza kwenye TV, naangalia, nasogea kimraba, naangalia. Usiku wa tatu herufi zikasomeka. Uwanja mmoja nikaubadilisha jina, nikauita Mkwakwani. Halafu nikaanzisha Master League na Coastal, na nilipoulizwa wachezaji, nikachagua walewale: Ivarov, Stremer, Minanda, Castolo.

Peter Brackley, mtangazaji wa gemu hii, hawezi kulitamka jina la Coastal. Halimo katika sauti alizorekodi. Anazunguka, anasema timu ya nyumbani, timu ya ugenini. Mimi ndiye niliyekuwa nalitamka.

Baba alikuja Dar Machi 2010 kutibiwa macho, akakaa kwangu wiki mbili. Jioni ya pili nilikuwa nacheza kwa aibu kidogo, sauti nimepunguza, kwa sababu mzee wa miaka ile anaweza kukuuliza kwa nini mwanaume mzima anacheza vitu vya watoto. Alikuwa amejilaza kitandani, jicho moja lina bandeji. Akanyanyuka kwenye kiwiko.

"Hao si Coastal?"

"Ndiyo, baba."

"Wanacheza wapi?"

"Mkwakwani."

Akasogea hadi ukingo wa kitanda. Nikaongeza sauti. Tulikuwa tunacheza na timu ya Ufaransa, ilikuwa sifuri kwa sifuri, dakika ya sabini na kitu. Minanda akapokea, nikamkata ile sumaku, mpira ukapita, Castolo akaupata pembeni mwa boksi akapiga chini, kona ya mbali. Wavu ukatikisika. Baba akapiga paja.

"Huyo namba tisa nani?"

"Castolo, baba."

Akafikiri. "Mgosi wa wapi huyo?"

Nikamwambia ni mgosi wa kwetu tu. Akatikisa kichwa kukubali, na toka jioni ile kwa wiki mbili hatukukosa mechi. Hakushika pedi hata mara moja. Alikaa nyuma yangu, kama mimi nilivyosimama nyuma ya benchi la Anko, na aliona vitu. "Mtoe yule, amechoka." Nikiangalia, kweli, mchezaji amechoka. "Kwa nini leo Castolo haanzi?" Nikamweleza kuhusu mishale: kila mechi, kila mchezaji ana mshale unaoonyesha hali yake siku hiyo, mwekundu ukielekea juu ana moto, ukielekea chini hafai, hata awe nani. Asubuhi nikiamka namkuta ananiuliza Castolo ana mshale gani leo. Tulipanda daraja la kwanza siku mbili kabla hajarudi Tanga. Alipanda basi akiwa na bandeji imeshatolewa, na dirishani neno lake la mwisho lilikuwa kwamba Stremer anahitaji mtu wa kumsaidia.

Ule msimu na iliyofuata niliihifadhi kwenye memori kadi ileile moja. Agosti 2011, msimu wa nane, tumeshakuwa mabingwa mara mbili, saa nne usiku, niko kwenye kuhifadhi, kioo kinasema usitoe kadi, umeme ukakatika. Nilikaa gizani nikijua. Uliporudi baada ya saa mbili niliwasha, nikaenda moja kwa moja kwenye kadi, na faili lilikuwepo, jina lipo, tarehe ipo, na halifunguki. Limeharibika. Mimi ni fundi umeme, na najua kabisa kilichotokea ndani ya kile kijiplastiki, uandishi umekatwa katikati, hakuna wa kulaumiwa. Nilizima TV nikalala na nguo.

Baba alikuwa anapiga simu Jumapili. Kila Jumapili, baada ya salamu, kabla ya habari za nyumba na shamba, anauliza Coastal wamefanyaje, na lazima aeleze anauliza Coastal ipi, ya Mkwakwani ya kweli au yetu. Jumapili ile nilimwambia wamepotea wote. Kukawa kimya. Halafu akasema, "Si bado wamo kwenye hiyo CD? Walewale, kama siku ya kwanza?"

Wamo.

"Basi anza nao."

Nilianza nao. Castolo mzito, Minanda mwenye pasi zilizochoka, pointi chache, daraja la pili, mpinzani wa kwanza akatufunga matatu. Na nilipokuwa nafungwa lile la tatu nilijikuta nimeegemea mbele, moyo unadunda, kama nimesimama tena nyuma ya benchi na mia yangu mkononi. Kuanzia hapo nimekuwa na utaratibu. Kwenye Master League watu wanazeeka na kustaafu, na waliostaafu wanazaliwa upya wakiwa vijana. Nimewahi kumkuta Roberto Carlos kinda kabisa anatafuta klabu, nikamwacha apite. Castolo akistaafu, nafunga faili, naanza upya. Sasa niko mzunguko wa sita.

Watu wananiambia nachelewa, dunia imekwenda. Mpwa wangu anakaa kwetu, anasoma kidato cha tatu, na simuni mwake ana eFootball. Ni Konami hiyohiyo. Mwaka 2021 waliacha jina la PES wakaita gemu yao eFootball, ya bure, ya kucheza kwenye mtandao. Nimeicheza naye. Nyasi zinaonekana kama nyasi, jasho linaonekana. Ila ilipotoka haikuwa na Master League. Wachezaji unawapata kama kadi, kwa sarafu za gemu au kwa pesa yako, na kila wiki kuna kadi mpya ya mtu yuleyule iliyo bora kidogo kuliko ya wiki iliyopita. Mpwa wangu anazo nyingi sana. Nilimuuliza ni yupi anampenda. Akanitajia mwenye namba kubwa zaidi. Nikamuuliza mwezi uliopita alikuwa nani, akasema huyo alishamtoa. Sina ugomvi na starehe ya kijana, na anacheza vizuri kuliko mimi nilivyokuwa umri wake. Lakini naona kuna kitu amenyimwa, nacho ni kukaa na mtu mbovu mmoja misimu kumi hadi ukajua anapenda mpira uje mguu gani.

Ndiyo maana naitunza hii mashine kama mtu anavyotunza cherehani ya mama yake. Kila miezi minne naifungua. Skrubu ziko chini, nyingine zimefichwa kwa vifuniko vidogo vya mpira. Napuliza vumbi, nachukua pamba iliyozungushwa kwenye njiti, naichovya spiriti kidogo, naipitisha juu ya lenzi mara mbili, kwa uzito wa unyoya, maana lenzi imekaa juu ya vijispringi laini na ukiibana umeiua. Reli naifuta grisi ya zamani iliyokuwa kama ulimbo, naweka mpya, punje. Kifuniko cha mpira cha kijiti cha kushoto cha pedi nimeshabadilisha mara tano. Dole gumba langu la kushoto lina sugu, mke wangu analijua kwa kulipapasa. CD ya asili nimeipumzisha. Sasa gemu naisomesha kutoka kwenye flashi, kwa memori kadi iliyowekewa programu ya kuiruhusu mashine ifanye hivyo. Mlango wa USB wa PS2 ni wa kizamani, polepole, kwa hiyo zile video za mwanzo zinakatakata. Mechi yenyewe haikatiki. Na chini ya meza kuna UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, niliinunua mwezi uleule faili lilipoharibika. Inanipa dakika kumi na mbili, zinatosha kuhifadhi mara arobaini.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja akakaa kitini nyuma yangu. Simu ilikuwa kwenye chaji. Hakusema kitu, aliangalia kipindi chote cha kwanza. Mapumziko akasema, "Mjomba, beki wako wa kulia anapanda sana, harudi." Nilimgeukia. Nikamwambia kweli, nimeliona, ila sina mwingine. Akasema mbadilishe na yule wa kati, huyo mwenye mshale mwekundu. Nilimbadilisha.

Jana ilikuwa Jumapili. Baba sasa ana miaka 76, macho yamerudi kusumbua, anapiga simu kwa kumwomba dada yangu ambonyezee namba. Nilikuwa katikati ya mechi, dakika ya mwisho, tunaongoza. Nilimaliza, nikaenda kuhifadhi, nikasubiri maandishi yatoke kwenye kioo, nikayaangalia hadi yakatoka, ndipo nikapokea. Akanisalimia, nikampa shikamoo, akauliza wajukuu hawajambo.

"Na Castolo?"

"Mawili, baba. La pili kwa kichwa."

"Kwa kichwa?" akasema. Nikasikia anamgeukia dada yangu pale Ngamiani, anamwambia, kwa kichwa.